Kwa Nabintu

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa maji, Ziwa Nakivale lilikuwa na ghuba moja ndogo ambayo sisi wakimbizi wapya hatukujua jina lake. Wenyeji bila shaka walikuwa nalo, lakini hawakutuambia, nasi hatukuuliza. Maji yaliingia nchi kavu kama kidole kilichopinda: upande mmoja jiwe bapa la kufulia, upande wa pili mafunjo marefu, na katikati njia ya matope tuliyoteremka na mabido yetu, madumu ya njano ya kuchotea maji.

Koko Nabintu, bibi yangu mzaa baba, hakuipenda kabisa. Kwao, pembeni mwa Ziwa Kivu, ghuba nyingi zilibeba majina ya watu waliozama humo.

"Maji yenye haina jina inatafutaka jina," alituambia. "Musiitane majina kule. Ikisikia moja, itaibeba na mwenyewe."

Basi tulipokuwa ziwani tuliitana kwa miluzi. Watoto wengine walitucheka, nami niliona haya, ila mluzi niliupiga.

Jioni moja mdogo wangu Riziki hakurudi. Mama alishuka mbio, mimi nyuma yake, koko akijikokota na fimbo yake. Tulikuta bido la Riziki limelala juu ya jiwe. Mama akafungua kinywa amwite, koko akamziba kwa kiganja.

"Acha, mukwe wangu. Usipatie maji jina ya mutoto."

"Sasa nitamupata namna gani, mama?"

Koko aliingia majini mpaka magotini, na kitenge chake mwilini, akapaza sauti. "Nabintu! Ni miye Nabintu! Kama unataka jina, kamata yangu."

Aliliita jina lake tena na tena, mpaka watu wakakusanyika. Mama alikuwa analia. Mimi niliogopa hata machozi yakakataa kutoka, maana niliamini kweli kwamba bibi yangu anajitoa.

Kisha mafunjo ya ng'ambo yakatikisika, kiboko akatokeza, akajitosa ziwani bila haraka. Baada ya kitambo akaja Riziki, matope mpaka shingoni. Alikuwa amejibanza juu ya kichuguu, kiboko akila majani mbele yake, karibu kabisa.

"Nilisikia koko, nikajua muko pale," alisema. "Nikanyamaza. Mungeniita miye, ningeitika."

Tangu siku hiyo watu wakaiita ghuba ile Kwa Nabintu. Koko mwenyewe alifia kitandani, uzeeni sana, akinung'unika kwamba chai haina sukari.

Leo nauza vitenge Mbarara. Majuzi nilikwenda Nakivale kumtembelea Riziki, na kijana wa bodaboda, Mnyankole mpole, akanionya njiani.

"Madamu, pale Nabintu usikaribie maji. Kuna mama moja alikufa pale zamani."

Nilicheka, kisha nikafuta macho kwa ncha ya kitambaa changu. Sikumsahihisha. Sijui kama maji yana masikio, na sasa sihitaji kujua. Najua bibi yangu aliamini kwamba yanayo, tena aliamini yanachukua, na bado aliyapa jina lake mbele ya watu wote.

Nilipofika uani kwa Riziki nilimwita kwa sauti kubwa, jina lake zima. Akaitika kutoka jikoni.