Nichukulieni Kama Sipo

Mpaka leo harufu ya kwato za ng'ombe zinazochomwa ikinipita puani, mgongo ndio unaotangulia kukumbuka. Kichwa hufuata baadaye, kimechelewa, kama kinavyochelewaga shuleni. Sie wa Vingunguti tumezaliwa ndani ya harufu hiyo. Watu wa Mbweni wanaamshwa na upepo wa bahari. Sie tunaamshwa na moshi wa manyoya, damu iliyolala mtaroni, na supu ya mama ya kongoro, miguu ya ng'ombe, ikitokota uani. Mwalimu wangu wa Kiswahili anasema insha nzuri haina damu nyingi. Atanisamehe. Kwetu hata asubuhi ina damu.

Nyumbani tulikuwa wanne: babu, baba, mama na mie. Babu Saidi alikuja Dar kijana kutoka kusini, Masasi huko, akawa mchuna ngozi machinjioni. Baba akarithi kisu. Mie nikarithi jina. Na kwetu mtoto akibeba jina la babu yake, anabeba na heshima yake: baba akiwa na furaha aliniita "mzee", akanikatia kipande cha ini kabla hajala yeye. Akikasirika niliitwa Saidi, na hapo ujue Bwana Afya anashuka.

Bwana Afya alikuwa ukanda wa ngozi ya fahali, mzito, unang'aa kwa mafuta, ambao babu aliukata mwenyewe enzi za nguvu zake. Ulining'inia msumarini nyuma ya mlango. Aliupa jina hilo kwa sababu bwana afya wa machinjioni huja bila taarifa, hukagua, kisha hugonga mhuri kwenye nyama. Mihuri yangu ilikuwa mapajani na mgongoni. Siku moja ulinipasua juu ya jicho. Kovu lipo, wasichana wa darasani nawaambiaga nilikuwa bondia.

Utundu ninao, sikatai. Kipaji changu ni kuiga sauti. Nilimwiga mwenyekiti wa mtaa akitangaza msiba, nilimwiga mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni kwake, nilimwiga hata mbuzi aliyesikia kwamba kesho ni Idi. Mama alikuwa akisema, "Mdomo wa huyu mtoto umetangulia kuzaliwa, yeye alifuata."

Halafu kulikuwa na Mama Kamera. Si ndugu, si jirani, lakini kwenye nyumba yetu alinitangulia. Alianza kuja akiwa msichana wa chuo, mtu wa bara, wakati huo baba bado anavaa kaptula ya shule ya msingi. Alichagua familia chache za mtaani, akajiapiza kuzipiga picha mpaka wazeeke wote, wao na yeye. Alikuwa akipotea miaka, tukamsahau, mara huyo mlangoni, mvi zimeongezeka na kamera imepungua ukubwa. Alikuwepo harusi ya baba. Akampiga mama nikiwa tumboni. Nasema picha, jamani. Nyumbani kwetu neno hilo lazima ulifafanue.

Akifika alisema maneno yaleyale. "Shikamoo mzee. Nichukulieni kama sipo."

Babu alicheka kila mara. "Mtu kabeba dude begani kama kabeba ndama, halafu nimchukulie hayupo!"

Lakini ndiyo sheria yake ya kazi ilivyokuwa. Mkigombana, hasemi. Mkilia, hasemi. Maharage ya mama yaliwahi kuungua mbele ya kamera, na Mama Kamera akayapiga picha mpaka yakawa makaa. Mama hakumsamehe kamwe.

Alikuwa na desturi moja nyingine. Kila akirudi, kabla ya kupiga mapya, aliwaonyesha watu wa mtaa mambo ya zamani, wajione. Mwaka ule, mie nikiwa darasa la nne, watu walikuwa wengi mno kwa sebule ya mtu yeyote. Akakodi kibanda umiza, siku ya Jumapili.

Kama hujawahi kukaa kibanda umiza, pole sana kwa malezi yako. Ni mabati pande zote, mabenchi, joto la jehanamu, televisheni ya zamani yenye chogo mbele, na Dijei Mdomo na kipaza sauti chake. Dijei Mdomo alikuwa akitafsiri filamu za ngumi papo kwa papo, na Kichina hakukijua hata salamu. Kwake kulikuwa na watu wa aina mbili tu duniani, staring na adui. Na kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto wa Vingunguti aliijua kabla ya kujua kusoma: staring hafi.

Asubuhi ya Jumapili ile nilikuwa buchani, nawachekesha wateja. Nilimwiga baba anavyoongea na tajiri mwenye ng'ombe. "Ndiyo bosi. Samahani bosi. Ni makosa yangu bosi." Nilipinda mgongo vilevile anavyoupinda. Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha nyama. Halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, mguu wa ng'ombe begani, damu inamchuruzika shingoni. Hakupiga kelele. Aliinama sikioni kwangu.

"Tukitoka kwenye picha, Saidi. Mie na wewe."

Kwa hiyo nyie mlioona sinema kwa raha, mie ile niliiona kama mtu anayesubiri kunyongwa na kafungwa mbele ya televisheni. Nilikaa benchi la mbele na babu. Baba alikaa nyuma yetu, pumzi zake nazisikia kwenye kisogo. Niliomba ile picha isiishe. Niliomba umeme usikatike, dua ambayo Dar haijibiwi kirahisi.

Mwanzoni ilikuwa burudani tupu. Watu walijiona na nywele walizokuwa nazo zamani. Muuza kongoro alijiona mwembamba, akaapa kwamba si yeye. Mama Kamera alisimama pembeni kabisa, kamera usoni, akipiga picha watu wanaotazama picha.

Kisha ikaja yadi yetu. Ukuta uleule, mlango uleule. Mtoto mwembamba wa kaptula anakimbia, na nyuma yake mwanamume mwenye mikono kama miguu. Nikajua ni mie. Masikio yangu yale, magoti yangu yale. Nikajiuliza tu ile kaptula nilinunuliwa lini.

Bwana Afya akashuka.

Dijei Mdomo alikuwa ameahidi kukaa kimya. Lakini mdomo ni kama mtumbwi mbovu, haukosi pa kuvujia. "Haya sasa! Adui kaingia! Staring kabanwa kona! Oyooo, kala mkanda wa shingo!" Kibanda kililipuka. Watu walipiga mabati. "Staring hafi! Staring hafi!" Babu aliruka kwenye benchi kama kijana. "Huyo mie huyo! Tazameni mkono ule! Siku hizo nachuna ng'ombe na sijala!" Hapo ndipo nilipojua yule mtoto ni nani. Nikacheka kuliko wote. Kumbe baba naye alikuwa akila mkanda!

Kwenye televisheni ukanda ulirudi na kurudi. Sikio la yule mtoto likapasuka. Akaanguka, akatambaa, akaja moja kwa moja kwenye kamera mpaka uso wake ukajaa kioo kizima, kamasi na damu vimechanganyika.

"Dada," akasema. "Dada, mwambie aache."

Picha haikutikisika. Haikusogea hata kidogo. Yule mtoto alitutazama, akangoja, akatutazama, mpaka mkono ukamshika mguu na kumvuta nyuma.

"Staring anaom…" alisema Dijei Mdomo, akaishia hapo. Kipaza sauti kikabaki kinavuma peke yake.

Baba akainuka.

Kwanza lilienda benchi. Halafu ngumi, na ilikutana na kipaza sauti kikiwa bado mdomoni mwa mwenyewe. Meno yalitoka na waya. Kisha televisheni, aliikumbatia kama anavyobeba paja la ng'ombe na kuibamiza chini, kioo kikapasuka kwa kishindo, watu wakapita mlangoni, dirishani, chini ya mabati. Mtu alinikanyaga mkono. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amemshika babu ukosi wa kanzu, kambandika ukutani, na ukuta mzima unalia.

"Unacheka?" Sauti ilikuwa ndogo. "Unacheka, Saidi?"

Sijawahi kumsikia mtu akimwita baba yake kwa jina, wala kabla wala baadaye. Mie ndiye niliyehisi naitwa. Mkojo ulishuka. Ngumi ya kwanza ikampata babu puani, na mie ni mtoto wa machinjioni, mlio wa mfupa naujua. Kofia yake ikadondoka. Babu hakujikinga. Alikuwa anamtazama mwanawe kwa mshangao, kama mtu aliyegongewa mlango na mgeni aliyemsahau.

Ngumi ya pili ikapanda juu. Na pale pembeni, Mama Kamera alikuwa amesimama, kataa kekundu ka kamera kanawaka, hayupo kama kawaida yake.

Nikafungua mdomo. "Dada," nikasema. Mie nilimwitaga Mama, kila mtoto alimwita Mama. "Dada, mwambie aache."

Aliiweka kamera chini. Hakuna mtu Vingunguti aliyewahi kuiona mikono yake yote miwili mitupu. Alitembea juu ya vioo, akajipenyeza kati yao, na ngumi iliyokuwa ya babu ikatua kwenye shavu lake. Alianguka juu ya maganda ya karanga. Akatema damu, akasema neno alilokuwa anadaiwa tangu baba yuko na kaptula.

"Acha."

Baba aliutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine alichokiokota njiani.

Bwana Afya hakushuka siku ile. Baba aliutoa msumarini, nikafumba macho, akaondoka nao kwenda machinjioni, na alirudi bila kitu. Sitawadanganya: makofi yaliendelea, mengine nilijitakia. Lakini Saidi hakuniita tena. Babu aliishi na pua iliyopinda mpaka kufa, na alipokuwa hajiwezi, baba ndiye aliyekuwa akimwogesha, taratibu, kama anaosha kitu kinachoweza kuvunjika.

Shuleni nimeisimulia hadithi hii mara nyingi, na siku zote staring ni mie: dogo aliyezima ugomvi kwa kumwiga baba yake mbele ya baba yake. Watu wanakufa kwa kicheko.

Mwaka huu Mama Kamera alirudi. Shavu lake moja limebonyea, akicheka anacheka upande. Nilimwomba anionyeshe siku ile. Akafungua kompyuta yake mezani kwetu. Kwa kuwa kamera ilikuwa chini, mwisho wake ni sakafu tu: maganda, ndala moja, kofia ya babu. Kabla ya hapo mgongo wa baba, na sauti yangu.

"Niizime?" aliniuliza.

"Acha iende, Mama."

Nikangoja nijisikie nikiiga. Jamani, kuiga nakujua, ndiyo kazi yangu. Sauti ya kuigwa ina kicheko kidogo kimejificha ndani, hata ukiiga msiba. Niliitafuta ile chembe ya kicheko. Haikuwemo. Alikuwemo mtoto aliyeahidiwa "mie na wewe", anamwombea babu yake kwa mdomo na kujiombea mwenyewe kwa mgongo. Na jina nililopewa kwa heshima, nikaelewa kwa nini baba alilitamka vile kila Bwana Afya aliposhuka, na alikuwa akimpiga nani.

Nje dirishani baba alikuwa akinoa kisu, na sauti ile ilimfikia. Mlio wa kisu juu ya jiwe ukakatika.

"Huyo nani?" aliuliza kutoka huko nje. "Ni mie au ni wewe?"

Mama Kamera hakusema kitu. Ndiyo kazi yake. Nami nilibaki naitazama ile sakafu: maganda, ndala moja, kofia ya babu.