Bango la Waliopeana Mgongo

Mwalimu wa madrasa alibandua ukutani zile karatasi mbili zinazounda bango langu, akazibadilisha nafasi, wageni wangu wakacheka. Mwanaume na mwanamke waliopeana mgongo sasa wanatazamana.

"Kiarabu kinaanzia kulia, mzee wangu," akaniambia taratibu.

Nakusanya mabango ya zamani ya sinema za Kiarabu hapa Bariadi. Hili alilibandika Masanja, fundi fremu, akiapa kwamba anajua kulisoma. Tangu mke wangu arudi kwao Ngulyati nimelitazama kila asubuhi, nikijiambia hata warembo hawa walishindwana. Na wageni niliwaambia hivyohivyo.

Kumbe aliyeachika nyumba hii ni mimi peke yangu. Masanja, njoo unijibu mbele ya wageni walewale: hawa wawili waligombana lini?