Mama Daktari na Kulabu ya Ndoo

Juma lililopita tulimzika daktari mstaafu pale Kwamndolwa, Korogwe. Wengi mlimjua kama mama mkali mwenye shamba la mahindi. Wachache walijua kwamba kwa miaka mingi ndiye aliyeitwa kila mtu alipoopolewa mtoni au lamboni akiwa maiti. Watu walimtania, eti bado anakula samaki perege wa maji hayo hayo? Alikula, akanyonya na kichwa huku anawatazama usoni. Nilimpenda kwa hilo.

Siku moja alinipa lifti kutoka Segera kwenda pande za Mkata, nikafuatilie habari ya uhaba wa maji. Njiani akaitwa kijiji kimoja. Mkulima alikuwa ametolewa lamboni akiwa na jeraha kubwa kisogoni, na kabla ya hapo aligombana na kijana mfugaji ambaye ng'ombe wake waliingia shambani. Kwa wanakijiji kesi ilikuwa imekwisha. Kijana alifungiwa ofisi ya kijiji, polisi wamesimama mlangoni, na nje wanaume walishika mapanga. Sanda ilikuwa tayari, maana kwetu maiti hacheleweshwi.

"Shikamoo mzee," alimwamkia baba mkubwa wa marehemu. "Mlimtoaje majini?"

"Marahaba. Tulimtoa tu, mama daktari."

"Kwa mikono?"

Mzee akamgeukia mdogo wa marehemu.

"Semeni, jamani. Yuko mtu atauawa hapa kwa jeraha hili."

Mdogo wa marehemu akainama. "Kwa kulabu. Ile ya kuopolea ndoo kisimani. Ilimnasa vibaya. Nimeona aibu kusema nimemchana kaka yangu mwenyewe."

Daktari hakumwamini kwa neno tu. Aliingia nyuma ya pazia la khanga alikolazwa marehemu, akakaa huko mpaka adhana ya alasiri, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipotoka aliwaeleza polepole. Aliyepigwa angali hai, damu huvilia ndani ya nyama. Jeraha lile halikuvilia damu. Mwilini hapakuwa na alama nyingine ya kipigo. Na tope la lambo lilikuwa limeingia ndani kabisa ya njia ya hewa, maana yake aliingia majini akipumua. Kilichomuua ni maji. Mapanga yakateremshwa, kijana akatolewa. Akaomba maji ya kunywa.

Siku hizi maiti hajafika nchi kavu, picha zake zimeshazunguka kwenye simu na muuaji ameshatajwa. Inaniudhi sana. Maji yana alama zake, na sisi tunaomtoa maiti tunaongeza zetu, halafu tunazisoma kama za adui.

Pale makaburini nilimwona mfugaji yule, sasa mtu mzima, kajifunga shuka lake. Alikuja na pikipiki kutoka Handeni. Aliyemleta ni yule mdogo wa mkulima aliyezama, na wakapokezana jembe kufukia kaburi la daktari. Nikawaza: kabla hatujauliza nani kaua, tuulize kwanza mikono yetu imefanya nini.