Mpima Maziwa na Tumbo la Cheruto

Watu wa Keringet wakitaka kujua kama maziwa ni mazuri, hawahangaiki sana na vipimo. Wanamwita Kipkirui. Yeye ndiye mpima maziwa pale kituo cha kukusanyia, mwaka wa kumi na moja sasa, na akifungua mkebe akainamisha pua mara moja, mambo kwisha: haya yaende, yale yarudi nyumbani. Wapo waliojaribu kumchezea kwa kuongeza maji kidogo alfajiri. Waliaibika mbele ya foleni nzima. Sasa usishangae nikikuambia kwamba mtu huyu, anayejua maziwa kuliko yeyote ninayemfahamu, alikaa miezi mitano bila kujua kinachomfunga tumbo binti yake mwenyewe.

Mtoto anaitwa Cheruto, ana miaka minne na nusu. Mama yake, Chesang, ni mpishi kwenye hoteli moja ya nyama choma kule Kikopey, na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Siku zile nyingine Cheruto hulelewa na baba yake na mama yake baba, mzee wa watu ambaye boma zima humwita Kogo, yaani nyanya.

Ilianza kidogo kidogo. Siku tatu bila kwenda choo, halafu nne, halafu sita. Choo chenyewe kikija ni kigumu kama kokoto, na msichana analia mpaka majirani wanachungulia. Akaanza kujificha nyuma ya tangi la maji, amebana miguu, amesimama kwa ncha za vidole, jasho linamtoka. Kipkirui alidhani anajikaza kusukuma. Wapi! Alikuwa anajikaza kuzuia, kwa sababu mara ya mwisho ilimuumiza, na mtoto si mjinga.

Kila jioni simu ilikuwa inalia saa moja kamili. Chesang hakuwa na habari ya salamu.

"Ameenda?"

"Bado."

"Leo ni ya ngapi?"

"Ya saba."

"Kipkirui, huyo mtoto atapasuka, nakuambia."

Neno hilo la kupasuka lilimkaa kichwani kama mwiba. Alikuwa analibeba mpaka kazini, akawa ananusa mkebe mmoja mara tatu kama mtu mgeni wa kazi, na wakulima wakaanza kutazamana.

Mwezi wa tatu tangu ianze, mambo yakageuka. Cheruto akaanza kujichafua, majimaji tu, mara mbili, mara tatu kwa siku. Mwalimu Namalwa wa chekechea akapiga simu kwa upole: "Baba Cheruto, mtoto anaendesha. Wenzake wanamcheka. Afadhali akae nyumbani apone kwanza."

Kipkirui akashukuru Mungu. Naam, alishukuru! Tumbo limefunguka, alisema, hata kama limefunguka kupita kiasi. Akanunua dawa ya kuzuia kuhara. Akakataza mboga, akakataza matunda, akaamuru mtoto apewe kitu kimoja tu ambacho hajawahi kusikia kikilaumiwa na mtu: maziwa. Asubuhi mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu yakaganda na unga wa makaa. Saa nne maziwa moto. Mchana tena, jioni tena. Katika boma lile kikombe cha mtoto hakikauki. Kumnyima mtoto maziwa ni kumwambia kwamba hapa si kwao, na Kogo alikuwa tayari na jagi kila saa.

Na alimchapa. Nampenda Kipkirui lakini hilo sitamfichia. Alimchapa mara mbili, ya pili ikiwa siku wageni wa kanisa walipokuja kuombea nyumba na Cheruto akachafua kitambaa cha kochi. Mtoto aliyeacha nepi zamani anafanyaje hivyo kama si ukaidi? Ndivyo alivyowaza. Cheruto alilia akisema hakujua, hakujua, na baba hakumwamini.

Jumapili moja alikuwa anamwogesha kwenye beseni. Mkono ukapita chini ya kitovu, upande wa kushoto, ukagonga kitu. Kigumu. Ukubwa wa kiazi cha kupanda. Kipkirui akaondoa mkono haraka, akaurudisha polepole. Kitu bado kipo. Mwaka uliopita jirani yao alizika mtoto wa umri huo huo, na ugonjwa ulikuwa uvimbe wa tumbo. Jioni Chesang alipopiga na kuuliza, alimjibu kwamba mtoto yuko sawa. Hakupata usingizi hata wa dawa.

Kesho yake aliiacha mikebe kituoni, akamfunga Cheruto kwa leso mbele yake juu ya pikipiki, akaenda Olenguruone kwenye kituo cha afya. Njia nzima alikuwa anapanga atakavyomwambia Chesang.

Daktari alikuwa mama mmoja mfupi anayeitwa Eucabeth, mwenye sauti ya kukemea hata anapokusalimu. Alimlaza mtoto, akamkanda tumbo, akampima uzito, akauliza kama ametapika, kama amepungua, kama kuna damu.

"Hii si uvimbe," daktari akasema. "Hii ni choo."

"Choo? Lakini daktari, anaendesha!"

"Haendeshi. Ile ngumu imeziba, na ile nyepesi inapenya kando kando. Utumbo umepanuka mpaka mtoto hasikii ikitoka. Ulimpa dawa ya kuzuia, siyo?"

Kipkirui akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Na anakunywa maziwa kiasi gani?"

Hapo mpima maziwa alijinyoosha. Angalau swali moja alikuwa na jibu lake zuri. "Lita moja na nusu. Siku njema, mbili."

"Boss, hiyo ni ya ndama."

Akamweleza. Maziwa si sumu, lakini yakimjaza mtoto hali kitu kingine, na wapo watoto ambao maziwa mengi huwafunga kabisa. Vikombe viwili kwa siku, basi. Maji, uji wa wimbi, mboga ya sagaa, papai. Dawa ya maji ya kulainisha choo kila siku, na isiachwe eti kwa sababu ameenda mara moja, maana utumbo uliopanuka huchukua miezi kurudi. Baada ya kula aketishwe kwenye poti dakika chache, miguu ikanyage kistuli, asiharakishwe.

"Na mmekuwa mkimchapa?"

Cheruto ndiye aliyejibu: "Mbili."

Eucabeth hakumkemea, na hiyo ilimuuma zaidi. Alisema tu, "Hangeweza kuizuia, baba. Hata wewe hungeweza," akaandika dawa.

Ungedhani kazi imekwisha. Ilikuwa haijaanza! Kogo aliposikia habari ya vikombe viwili, aliweka jagi chini kwa kishindo.

"Mtoto anyimwe maziwa kwa hii boma? Kwani amekosea nani? Wewe nilikulea na nini, na chai ya rangi?"

"Ni daktari amesema, Mama."

"Huyo daktari amewahi kukama ng'ombe?"

Wiki mbili za kwanza dawa ilifanya kazi. Cheruto akaenda, kwa kilio lakini akaenda, na lile jiwe likalainika. Simu ya saa moja ikawa na kicheko kidogo. Halafu siku tatu zikapita bila kitu, nne, tano. Alasiri ya siku ya tano Kipkirui alimkuta tena nyuma ya tangi, kwa ncha za vidole. Akampapasa tumbo. Kiazi kimerudi. Mawazo yote mabaya yakarudi: labda daktari amekosea, labda ni ule ugonjwa wa jirani.

Ndipo alipoona ukingo wa mdomo wa mtoto. Mweupe, na vijidoa vyeusi vya makaa.

Hakugombana na mama yake. Alimbeba Cheruto akamwendea jikoni, akaushika mkono wa Kogo, ule mkono uliokama ng'ombe miaka hamsini, akauweka juu ya tumbo la mtoto. "Bonyeza polepole hapa, Mama."

Kogo akabonyeza. Uso ukambadilika. Akabonyeza tena, kama mtu anayekataa kuamini.

"Ni mimi nimeweka hii?"

"Ni sisi wawili."

Mama mzee alikaa chini akalia bila kuficha. "Nilikuwa nampatia nyuma ya ghala," alisema. "Nilifikiri ninyi watoto wa siku hizi mnamtesa." Siku iliyofuata alishuka shambani mwenyewe akachuma sagaa kikapu kizima, na tangu hapo ndiye aliyekuwa mkali wa maji kuliko daktari.

Lakini bado Cheruto alibana. Dawa anakunywa, papai anakula, akiwekwa kwenye poti anakuwa mti. Kipkirui alikuwa anachuchumaa mbele yake kila asubuhi, macho hayabanduki. Imetoka? Bado. Sasa je? Bado, Baba. Jaribu tena. Siku ya nne hivyo, jasho linamtoka baba kuliko mtoto.

Jumamosi asubuhi Cheruto alimtazama akasema kwa sauti ndogo, "Baba, wewe toka."

Akatoka. Afanye nini? Alisimama nje ya ukuta, ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili, akisikiliza. Hakusikia kitu. Ng'ombe walikuwa wanalia wakamwe, simu ilitetemeka mfukoni, hakuigusa. Zikapita dakika tano, kumi.

"Kogo!" sauti ikaita. "Kogo, kuja uone!"

Kogo alikimbia kama msichana. Vigelegele vikapigwa humo ndani, na Kipkirui akajua. Moyo ulimruka kwa furaha, na papo hapo ukamchoma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu na mlango, na si yeye aliyeitwa.

Aliingia taratibu. Cheruto alikuwa anacheka, lakini alipomwona baba kicheko kilikatika. Akaokota chupi yake sakafuni upesi, akaigeuza nje ndani, akamnyooshea.

"Ni safi, Baba. Angalia. Ni kwa poti tu."

"Nimeona, mama yangu," Kipkirui akasema, akapiga magoti. "Hata kama ingekuwa kwa nguo, sitakuchapa tena."

Cheruto aligeuka kwanza akamtazama Kogo usoni, ajue kama ni kweli.