Mwadhini Aliyeganda Mdomo Wazi

Ramadhani hii mjomba alituletea kisanduku cha televisheni ya intaneti, na ayeeyo, yaani nyanya yetu, akakifanya imamu wa nyumba. Adhana ya msikiti wa mtaa haitaki: mwadhini ni kijana, na mwaka jana aliwahi kutufungulisha saumu kabla jua halijatua. Ayeeyo anaamini msikiti mkuu wa hapa Garissa tu, unaoonyeshwa moja kwa moja.

"Moja kwa moja" ndivyo ilivyoandikwa kwenye kioo, kwa rangi nyekundu. Majirani wakiwa kwenye sambusa ya pili, sisi bado tumeshika tende kama watu wanaosubiri kupigwa picha.

Nikaamua kupima. Binamu yangu akasimama nje ya msikiti mkuu, akanipigia simu. Adhana ilipoanza simuni nikaanza kuhesabu, nikakoma ilipotoka kwenye televisheni. Sekunde arubaini na saba. Kesho yake, hamsini na mbili. Siku ya tatu netiweki ikakwama, mwadhini akaganda, mkono sikioni, mdomo wazi. Ayeeyo akasema tungoje, huenda anavuta pumzi.

Siku ya nne nilimwekea ayeeyo simu sikioni. Adhana ikalia simuni. Kwenye kioo bado palikuwa na tangazo la saruji. Nikahesabu kwa sauti, kwa madaha. Nilitarajia sifa, au angalau sambusa.

Akarudisha tende kwenye sahani.

"Na alfajiri?"

Utani ukaniishia. Alfajiri ayeeyo hunywa maji yake ya mwisho macho yakiwa kwenye televisheni, na glasi huitua adhana inapoanza. Inapoanza sebuleni kwetu, yaani. Nikasema labda saa hizo netiweki huwa nyepesi.

"Pima," akasema.

Nikapima. Thelathini na nane. Nilifikiria kumwambia tatu, lakini aliniangalia kama anavyomwangalia dalali anayesifia mbuzi kilema. Nikasema ukweli.

Akahesabu kwa tasbihi tangu kisanduku kiingie: siku kumi na moja. Atazilipa baada ya Idi. Nikampa pole.

"Pole ya nini, na maji tulikunywa pamoja?"

Idi imepita. Shuleni wenzangu wanakula mandazi mapumzikoni; mimi nimebakisha siku nne. Tunafungua kwa adhana ya mtaa. Ayeeyo anasema yule kijana siku hizi amekuwa mtu mzima.