Maneno 412 ya Mama Programu

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha kumbukumbu cha hospitali, mwanamke ambaye wenzake humwita Mama Programu anaandika sentensi, anaifuta, kisha anaianza upya. Meza hazitoshi, hivyo kompyuta yake iko juu ya kabati la mafaili, naye anafanya kazi akiwa amesimama.

"Si kwamba sijui la kuandika," anasema bila kugeuka. "Natafuta kulisema kwa maneno yangu. Korti imeniagiza."

Aliajiriwa hapa miaka kumi na tisa iliyopita akiwa karani wa mafaili. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Kampuni iliyohudumia mfumo wa hospitali ilipopandisha ada mara nne, akaunda mfumo mwingine, kila mstari kwa mkono wake. Kitu kimoja tu alikiacha kama kilivyokuwa kwenye mfumo wa kampuni: maagizo 412 ambayo mashine za maabara na za duka la dawa hutumia kuulizana habari za mgonjwa.

"Mashine imezoea kuuliza kwa neno lile. Ukilibadilisha, haikuelewi. Majibu ya damu yatabaki huko huko maabara."

Kampuni ikamshtaki kwa kukiuka hakimiliki. Hospitali ikamsimamisha kazi miezi kumi na sita. Alishona sare za shule, akipata theluthi ya mshahara wake.

"Mke wangu, mwenye nguvu mpishe," mumewe, dereva wa lori, alimsihi.

"Nitampisha njiani. Hapa ni kwangu."

Jaji alimuuliza kama aliwahi kuiona programu yenyewe ya kampuni.

"Sijawahi, mheshimiwa. Nilisoma kitabu chao cha maelekezo."

Jibu hilo lilimwokoa, likamponza pia. Jaji aliamua kwamba maneno ambayo mashine haziwezi kuelewana bila hayo ni ruhusa kuyatumia, na kwamba programu aliyoiandika ni mali yake. Lakini kurasa kumi na moja za maelezo ya maagizo hayo alikuwa amezinakili neno kwa neno kutoka kitabu cha kampuni. Aziondoe, aandike zake.

"Hapo nilikubali kosa. Nilikuwa na haraka, nikachukua cha mtu."

Amebakiza kurasa mbili. Akimaliza, ataweka kitabu chake cha maelekezo wazi kwa yeyote. Hospitali ndogo tatu zimeshamuulizia. Binti yake anahofu kwamba ataibiwa.

"Maagizo wayachukue, ndiyo kazi yake," anasema. "Maelezo wakiyanakili, waseme ni nani aliyeyaandika."