Nilivyosoma Meno ya Pikipiki

Meno ya mbuzi nimeyasoma tangu nikiwa msichana. Unamshika taya, unamfungua mdomo, unajua. Mbuzi mchanga ana meno madogo, makali. Mzee meno yameisha, yamebaki visiki, mengine hayapo. Hakuna mtu sokoni Isiolo aliyewahi kuniuzia mbuzi mzee akisema ni mchanga. Walijaribu, wakaaibika. Shule sikukaa, lakini hiyo kazi naijua, na mjukuu wangu nilimfundisha mimi kabla hajaenda chuo kusomea kutibu mifugo. Hilo nalisema kila mahali, na nitaendelea kulisema hata watu wakichoka kunisikiliza.

Siku hizi pikipiki yake inampeleka Garbatulla, inampeleka Merti, inampeleka kwenye manyatta za wafugaji ambazo hata lori halifiki, sanduku la dawa limefungwa nyuma kwa mpira. Mimi nabaki hapa Burat. Magoti yameisha nguvu, na kazi yangu kubwa imekuwa kusikiliza. Pikipiki ikirudi naijua kwa sauti kabla sijaona vumbi lake.

Basi sauti ikaanza kuharibika. Kra, kra, kra, kama fisi anatafuna mfupa. Cheni ilikuwa imelegea, inapigapiga chuma.

"Akko," mjukuu akaniambia, maana ndivyo sisi Waborana tunavyomwita nyanya, "kesho naenda kwa fundi."

Nikasema twende wote. Hakuniomba. Nilijipeleka mwenyewe.

Fundi ana kibanda karibu na soko la mifugo. Ni Mmeru, mtu wa maneno mengi. Akazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, akaivuta cheni kwa kidole, ikanyanyuka mpaka mwanga ukaonekana chini yake.

"Hii imeisha," akasema. "Tunabadilisha zote tatu. Cheni, sproketi ya mbele, sproketi ya nyuma."

"Sproketi ni nini?"

"Hii chuma ya mviringo, shosho," akasema, maana kwao nyanya ni shosho. "Cheni inashika hapa kwa meno."

Aliposema meno, nikainuka.

"Sogea nione."

"Shosho, utachafuka."

"Nimezalisha ngamia kwa mikono hii, wewe unaniambia nitachafuka?"

Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Nikachutama, magoti yakilia, nikapitisha kidole. Meno yalikuwa membamba, makali, yananichoma ngozi. Nikasimama nikiwa nimeridhika kabisa.

"Cheni weka mpya. Haya meno yaache. Ni ya mwana-mbuzi haya, bado yana miaka."

"Shosho, hii si mbuzi."

"Kama ina meno, naijua."

Akamgeukia mjukuu wangu. "Daktari, wewe unasema aje?"

Mjukuu akaangalia chini. Kwetu mtoto hampingi akko mbele ya watu, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku. "Akko ameshasema," akajibu.

"Sawa," fundi akasema, "lakini hiyo cheni mpya italiwa."

Nikamwambia kazi yake ni spana, si utabiri. Pesa ya vitu vyote vitatu nilikuwa nayo, imefungwa kwenye pembe ya leso. Shida haikuwa pesa. Nilitaka wale watu waone kwamba mzee anajua.

Baada ya wiki chache hivi, ile kra, kra ikarudi. Niliisikia. Yeye pia aliisikia, lakini hakusema, na mimi sikusema. Nikimeza chai asubuhi naisikia inatoka uani na mjukuu wangu juu yake, na mdomo wangu nimeufunga. Kosa langu kubwa liko hapo, si kule kwa fundi.

Siku moja akaenda upande wa Merti kuchanja mbuzi. Alisema atarudi alasiri. Nikaswali alasiri, nikakaa mlangoni, nikasikiliza. Upepo tu. Jua likielekea kuzama, lori la mbuzi likasimama barabarani, pikipiki imelazwa juu, na yeye akashuka ameshika mkono wake. Ngozi ilikuwa imetoka kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono.

"Ni cheni?"

"Ni cheni, akko. Imeruka meno, ikakwama kwenye gurudumu. Nikaanguka."

"Saa ngapi?"

"Saa tano."

Tangu saa tano! Peke yake, anasukuma chuma kwenye mchanga, jua la kwetu hilo unalijua. Niliuosha ule mkono. Hakunilaumu. Angenitukana ningepumzika.

Tuliirudisha kwa fundi ile pikipiki. Wale watu wa siku ile walikuwepo, wengine kwenye mawe yale yale, kama waliopangiwa. Nikasema kwa sauti, "Salaam aleikum. Mimi nilikosea. Sasa nionyeshe."

Fundi hakucheka, namshukuru kwa hilo. Aliniwekea sproketi mbili kwenye viganja. Ile mpya meno yake ni manene, butu huku juu. Ile ya zamani yamekuwa membamba, yameinama upande mmoja kama mwiba.

"Ikiliwa ndio inakuwa kali," akasema. "Na meno iliyoliwa haiwezi kushika cheni mpya vizuri. Inaiharibu."

"Kumbe hii kitu inazeeka kinyume na mbuzi."

"Sasa shosho umeelewa kuliko hawa wote wenye pikipiki."

Nikakalia jerikeni, nikamwangalia mwanzo hadi mwisho. Akabadilisha zote tatu. Akalivuta gurudumu nyuma kidogo kidogo, alama za pande zote mbili zilingane, mpaka cheni ikawa inacheza upana wa vidole viwili, isikaze, isilegee. Nikamuuliza kama naweza kuipaka mafuta ya mkia wa kondoo, maana ndiyo tunayolainishia ngozi.

"Hapana! Itashika mchanga, na mchanga utasaga kila kitu. Osha na mafuta taa, pangusa, weka oili kidogo, pangusa tena. Na injini izimwe." Akainua mkono. Kidole cha shahada kilikuwa nusu. "Hii ilikuwa nzima."

Kwa hiyo sasa ndiyo kazi yangu. Akirudi safari, nakalia kigoda, nasugua cheni kwa mswaki wa zamani, nazungusha gurudumu kwa mkono, natia oili, napima vidole viwili. Mgongo unauma. Mikono inanuka mafuta taa mpaka kwenye ugali. Jirani ananiuliza kama nimekuwa fundi uzeeni. Namwambia ndiyo.

Siku ya kwanza aliyoenda tena Merti, mkono umepona, mjukuu alisimama mlangoni na helmeti. Pikipiki hakuiwasha.

"Akko, meno umeyaangalia?"

"Nimeyaangalia. Butu."

Akatabasamu. Nikamshika mkono, ule wenye kovu. "Nikikosea tena, sema. Usiangalie chini."

"Hata mbele ya watu?"

"Hata mbele ya yule Mmeru."

Akacheka, akawasha, akaenda. Nilisimama nikiishikilia nguzo ya mlango, nikasikiliza mpaka sauti ikaisha yote. Hakukuwa na kra hata moja. Ndipo nikatafuta mahali pa kukaa.